Thelathini na Saba

Kipimajoto ni kimoja, wanafunzi arobaini na watatu.
Nimekileta ndani ya soksi ya mume wangu,
soksi iliyopoteza pacha wake,
nikikibeba kama yai kutoka Kiamaiko
hadi darasa la kwanza, Kariobangi, mwezi Julai,
mabati yetu yanapotokwa na jasho la baridi
na kila mtoto huingia na wingu dogo mdomoni.

"Ni kalamu?" auliza Khadenge.
"Ni sindano?" auliza Mutheu, akirudi hatua moja nyuma,
maana wiki jana alichanjwa.
Hapana. Ni kijiti cha kioo
chenye mshipa mmoja tu, mwekundu.

Mabeseni matatu mezani.
La kwanza, maji ya kioski, shilingi kumi mtungi,
yamelala nje usiku kucha.
La tatu, maji kutoka kwa mpishi wa uji;
nimeyapoza mwenyewe kabla hawajaingia,
kwani mikono hii midogo si yangu,
nimeazimwa.
La katikati, mchanganyiko.

Mkono wa kushoto huku, wa kulia kule.
Hesabuni hadi ishirini.
Haya, yote miwili katikati.

"Ya moto!" "Ya baridi!"
Mtoto mmoja, mdomo mmoja.
Khadenge anavitazama viganja vyake
kama ndugu wawili walioleta habari mbili
za ugomvi ule ule.
"Mwalimu, mkono upi unadanganya?"
Hakuna. Kila mkono unasimulia ulikotoka.
Nikanyamaza kidogo.
Sentensi hiyo haikuwa kwenye andalio langu la somo.

Tunachutama. Macho yawe sawa na mstari,
si kutoka juu kama kunguru,
si kutoka chini kama panya.
Usimshike tumbo, utapima kidole chako.
Subiri.
Subiri tena. (Namba wanazijua;
kusubiri ndiko kwenye kazi.)
Mshipa unapanda polepole, bila miguu.
"Nani anausukuma?"
Joto.
"Joto lina mikono?"

Kumi na nne. Ishirini na saba. Arobaini.
Mutheu ameandika 41 badala ya 14,
na kwa dakika nzima maji ya kioski
yakaugua homa daftarini mwake.

Kengele ya uji ikalia, wakatoka mbio.
Atemo hakwenda.
Ana miaka saba, na mtoto mchanga nyumbani;
mama yake hutoka saa kumi za usiku
kufuata sukuma Marikiti.
"Ya kumwogeshea mtoto ni ngapi?"
Thelathini na saba.
Hakuandika daftarini. Aliandika kiganjani,
kwa kalamu yangu ya kusahihishia.
Tukaongeza ya moto, tone kwa tone,
hadi mshipa ukasimama palepale.
Akakunja sweta, akatumbukiza kiwiko,
akafumba macho,
akakaa hivyo mpaka uji wake ukaota utando.
Nilidhani anacheza.
Kumbe anakifundisha kiwiko kuhesabu.

Kesho yake tatu ilikuwepo, saba imefutika.
"Maji yameila," alisema, bila kusikitika.
Nikatoa kalamu niiandike upya;
akauficha mkono mgongoni.
"Haina haja, mwalimu."
Akanionyesha kiwiko, kikavu,
kimepauka kwa baridi ya Julai.
"Iko hapa."

Jioni, nyumbani, nikajaribu kwa ndoo yangu.
Nilifumba macho, nikazamisha kiwiko,
nikatamka kwa sauti ya mwalimu: thelathini na saba.
Kisha nikakitoa kipimajoto soksini.
Arobaini na nne.
Mume wangu mlangoni akauliza naongea na nani.
Nikaongeza maji ya baridi, kikombe kimoja,
nikafumba macho tena.